UZI: "Tutaleta mfumo wa kumaliza wafanyakazi hewa" – maswali ya kuuliza kabla hujapiga makofi

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi kwenye kikao cha vijana wa wadi yetu. Waliokosa kufika waliniomba niyaweke hapa, na nimeyaweka karibu vile nilivyoyasema. Kanuni ya ukurasa huu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama, tunachambua hoja. Ni uzi mrefu, kwa hivyo chukua chai kwanza.

1/ Nimeombwa nizungumzie ahadi moja ambayo mmeisikia kila msimu wa kampeni. Mgombea anasimama, anasema akiingia ofisini ataleta mfumo wa kisasa wa kusimamia wafanyakazi, na wafanyakazi hewa wataisha. Ukumbi unalipuka kwa makofi. Hata mimi nimewahi kupiga hayo makofi. Leo nataka tuifungue hiyo ahadi tuone ndani yake kuna nini.

2/ Nasema nikiwa nimeona mambo haya kutoka jikoni. Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi kwenye ofisi ya mishahara ya taasisi moja kubwa ya umma. Sitaitaja. Nilikaa kwenye kamati iliyochagua mfumo mpya, na nilikuwepo siku ulipowashwa. Kwa hivyo msiseme huyu jamaa anapinga teknolojia. Siipingi. Nimekaa na mafaili ya karatasi yaliyoliwa na panya, siwezi kuyatamani. Ninachosema ni kimoja: mfumo humlipa yule ulioambiwa umlipe. Ukitaka kujua kama ahadi ni ya kweli, usiulize mfumo unaitwaje. Uliza nani ataambia mfumo, na nani atamkagua huyo.

3/ Kwanza tukubaliane kwamba shida ipo. Kaunti zilipoanza mwaka 2013, zilirithi wafanyakazi kutoka pande mbili. Kuna waliotoka serikali ya kitaifa, kama wauguzi na maafisa wa kilimo, na kuna waliotoka mabaraza ya zamani ya miji na wilaya. Kila upande ulikuja na vyeo vyake, marupurupu yake na mafaili yake. Juu ya hao wakaajiriwa wapya, na juu ya wapya wakaja vibarua. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kaunti nyingi zimevuka hapo.

4/ Halafu kuna jambo ambalo Msimamizi wa Bajeti amelirudia kwenye ripoti zake mara nyingi: mishahara inayolipwa nje ya mfumo rasmi, kwa orodha ya mkono. Mnajua orodha ya mkono ni nini? Ni faili la Excel kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Mtu huyo akiongeza mstari saa nne usiku, hakuna anayejua. Akiufuta asubuhi baada ya benki kulipa, hakuna anayejua. Kwa hivyo anayesema tunahitaji mfumo amesema kweli. Nampa alama yake hapo.

5/ Sasa, hewa ni nani? Tukisema neno hilo tunachanganya watu wanne tofauti. Wa kwanza ni marehemu au mstaafu ambaye jina lake halikuondolewa, na mshahara bado unaingia kwa akaunti fulani. Wa pili ni jina la kubuni, hakuna mtu nyuma yake. Wa tatu ni mtu mmoja anayelipwa mara mbili, pengine kwa idara mbili. Wa nne ni binadamu kamili, ana barua ya kuajiriwa, isipokuwa hajawahi kukanyaga kazini. Ni shemeji wa mtu.

6/ Mfumo mzuri unaweza kuwanasa wale watatu wa kwanza, na si uchawi. Unalinganisha namba ya kitambulisho, PIN ya KRA na akaunti ya benki. Akaunti moja ikipokea mishahara ya watu wawili, unapiga kelele. Mtu akifikisha umri wa kustaafu, ambao kwa watumishi wengi wa umma ni miaka 60, na 65 kwa mtu mwenye ulemavu, jina linasimama lenyewe. Kwa kazi hii, mfumo unashinda macho ya karani yeyote.

7/ Lakini yule wa nne? Huyo kitambulisho anacho. PIN anayo. Akaunti anayo, tena ni yake. Hata kidole anacho! Siku ya kuandikisha alama za vidole atakuwa wa kwanza kwenye foleni, amevaa tai. Mwaka 2014 tuliandikisha watumishi wa umma kwa alama za vidole, serikali ya kitaifa na kaunti. Zaidi ya miaka kumi baadaye bado tunaahidiwa kwamba hewa wataondolewa. Shemeji hanaswi na kompyuta. Hunaswa na msimamizi wa kituo anayeandika "huyu haji kazini" bila kuogopa kuhamishwa kesho yake. Mgombea akiahidi mfumo bila kusema atamlinda vipi huyo msimamizi, amekuuzia nusu ya dawa.

8/ Hebu niwaambie jinsi tulivyochagua mfumo wetu. Muuzaji alikuja na projekta na biskuti. Kwenye ukuta tukaona rangi nzuri, michoro inazunguka, likizo inaombwa kwa simu. Tulifurahi. Mwishoni akauliza kama kuna swali. Kulikuwa na mama mmoja karani wa mishahara, tulimwita Shosho kwa heshima ingawa hakuwa mzee hivyo. Akainua mkono. "Huu mfumo unajua mtu anayekaimu?" Watu wakacheka. Bosi mmoja akasema hayo ni mambo madogo, yatarekebishwa baadaye. Tukaandika alama zetu, tukaenda nyumbani.

9/ Mwezi wa kwanza wa mfumo mpya, kila aliyekuwa anakaimu cheo alikosa marupurupu ya kukaimu. Wa zamu ya usiku walilipwa kama wa mchana. Shosho hakusema kitu, alivuta tu kiti akaanza kukokotoa kwa mkono. Kumbe yale maonyesho ya projekta yalifanywa kwa wafanyakazi kumi wa mfano, wote wa cheo kimoja, wote wa saa mbili hadi saa kumi na moja. Taasisi kubwa haina watu wa aina hiyo. Ina mwenye mkopo wa Sacco, mwenye amri ya korti ya kulipia mtoto, aliye kwa likizo ya uzazi, na aliyepandishwa cheo Machi lakini barua ikafika Juni.

10/ Halafu sheria zenyewe hazitulii. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, yaani mtu abaki na angalau theluthi moja. Viwango vya NSSF vilianza kubadilika 2023. Ada ya nyumba ya asilimia 1.5 ikaja. Oktoba 2024 bima ya NHIF ikatoka, ikaingia SHIF ya asilimia 2.75. Kila badiliko moja kama hilo lazima mtu aliingize kwenye mfumo, kwa wakati, kwa kila mfanyakazi. Je, ni mtu wenu au ni muuzaji? Na kama ni muuzaji, anatoza ngapi kila mara? Hapo ndipo pesa huenda, si siku ya uzinduzi wa kukata utepe.

11/ Labda mtasema hizo ni shida zetu za Kenya, wenzetu walioendelea wanajua. Basi twende Kanada kidogo. Nawapeleka huko kwa sababu Mkaguzi Mkuu wao aliandika kisa chote wazi, na hakuna anayeweza kusema Kanada ilikosa pesa au wataalamu. Mwaka 2009 serikali yao iliamua kubadilisha mfumo wa mishahara uliokuwa na umri wa miaka 40 hivi. Mpya ukaitwa Phoenix. Ungelipa watumishi karibu 290,000. Hesabu ilikuwa tamu: ungeokoa dola milioni 70 za Kanada kila mwaka.

12/ Ugumu ulikuwa hapa. Kanuni za malipo ambazo mfumo ulipaswa kuzijua zilizidi 80,000. Mwaka 2012 kampuni iliyopewa kazi ikasema kuujenga kutagharimu dola milioni 274. Bajeti iliyopitishwa ilikuwa milioni 155. Wasimamizi wa mradi hawakurudi kuomba nyongeza wala kusema ukweli kwamba pesa hazitoshi. Walipunguza kazi ambazo mfumo ungefanya, wakapunguza muda, wakapunguza watu. Yale majaribio ya mwanzo yaliyopangwa, wakayafuta mwaka 2015.

13/ Na wakati mfumo haujaanza, walishaanza kuvuna akiba. Nafasi za makarani wa mishahara 1,200 hivi kwenye idara 46 zikafutwa. Kazi yote ikapelekwa kituo kimoja kwenye mji wa Miramichi, chenye watu 550. Yaani wale kina Shosho wao, waliojua nani anakaimu na nani yuko likizo, wakaondoka na ujuzi wao. Februari 2016 mfumo ukawashwa. Kufikia Juni 2017, wafanyakazi zaidi ya 150,000 walikuwa na malipo yanayosubiri kurekebishwa, na makosa hayo yalifika dola milioni 520. Wapo waliolipwa pungufu, wapo waliolipwa zaidi kisha wakadaiwa, na wapo ambao hawakulipwa kabisa.

14/ Mwaka 2018 Mkaguzi Mkuu aliita mradi huo kushindwa kusikoeleweka. Na angalieni alielekeza kidole wapi: kwa wasimamizi walioficha habari mbaya, na kwa uongozi ambao haukuwa na mtu huru wa kuwauliza maswali. Gharama ya kurekebisha ilienda mbali kupita ile akiba iliyoahidiwa. Kwa hivyo siku mgombea akikuambia mfumo utaokoa milioni kadhaa kwa mwaka, muulize kwa upole: akiba hiyo inatoka kwa kuondoa hewa, au inatoka kwa kuwafuta Shosho?

15/ Sasa niwaambie sehemu ambayo sipendi kuisema. Kabla ya kuwasha mfumo wetu, tuliambiwa "tusafishe" orodha. Majina yote ambayo kitambulisho chake hakikulingana na rekodi yangeondolewa. Orodha ya wasiolingana ikaletwa mezani kwangu Ijumaa jioni, niihakiki na kutia saini. Nilipaswa kuita faili la kila mmoja. Sikuita. Nilitia saini, nikakimbilia matatu. Jumatatu magazeti yetu ya ndani yakasema tumewanasa hewa. Tulipongezwa, bana. Hata keki ilikatwa.

16/ Mwisho wa mwezi wa pili akaja mzee mmoja, askari wa lango. Alikuwa na bahasha ya khaki, ndani ameweka hati zake zote za mshahara tangu aajiriwe, zimepangwa kwa miaka. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono juu ya meza akaniambia, "Kijana wangu, mimi si hewa. Nishike." Nikamshika mkono. Tulipofungua faili lake, tukakuta mtu alipokuwa akinakili kutoka karatasi aliisoma 1 kama 7. Tarakimu moja tu.

17/ Miezi miwili hakulipwa, na siku zote hizo alikuwa akija kazini, akitufungulia lango asubuhi sisi tuliomfuta. Mkopo wake wa Sacco ulikuwa umeingia kwa wadhamini. Binti yake wa kidato cha tatu alikuwa nyumbani kwa sababu ya karo. Alilipwa mwezi wa tatu, malimbikizo na yote. Lakini hakuna mahali popote kwenye ripoti ya mafanikio ya mradi palipoandikwa kwamba mmoja wa "hewa" wetu alikuwa mzima. Mfumo haukufanya kosa hilo. Saini ni yangu. Ndiyo maana nikisikia mgombea akitangaza idadi ya hewa aliowafuta ndani ya wiki chache, mimi sihesabu akiba kwanza. Najiuliza wangapi kati yao wana bahasha ya khaki.

18/ Na Katiba yetu imelisema hili. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu ulio wa haki na serikali, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Kumwondoa mtu kwa orodha ya mishahara bila kumwita na kumsikiliza si ushujaa wa kupigana na ufisadi. Ni uvivu. Tena hewa wa kweli, yule shemeji, hakuwa kwenye orodha yangu. Kitambulisho chake kililingana sawasawa.

19/ Nirudi upande wa pili wa mdahalo, nisije nikaonekana napiga upande mmoja. Kuna wanaosimama na kusema mfumo wowote mpya ni njama ya kufuta watu kazi, ukatazwe. Hiyo pia si kweli. Mara nyingi anayepiga kelele zaidi ndiye mwenye ile orodha ya Excel. Mfanyakazi mwaminifu anafaidika na mfumo: anaona likizo yake, anaona makato yake, cheo chake hakisahauliki kwenye droo. Hofu ya vyama vya wafanyakazi ina msingi pale tu wanapoitwa siku ya uzinduzi badala ya kuitwa siku ya kuchagua. Walete mezani mapema. Wao ndio wanajua nani anakaimu.

20/ Basi nawapa maswali matano. Yaandikeni kwenye simu, siku ya mdahalo yatoeni.

Swali la kwanza: nani ataongeza jina, na nani ataidhinisha? Wakiwa ni mtu mmoja, hamna mfumo hapo. Na je, kila badiliko litabaki na alama ya nani alilifanya, siku gani, saa ngapi, alama ambayo hata bosi hawezi kuifuta?

21/ Swali la pili: mtaendesha mfumo wa zamani na mpya sambamba kwa miezi mingapi? Maana yake ni kukokotoa mishahara ya mwezi mmoja kwa njia zote mbili, kulinganisha shilingi kwa shilingi, na kutozima wa zamani mpaka tofauti zote zielezwe. Inachosha na ina gharama. Anayekuambia itawashwa nchi nzima au kaunti nzima kwa siku moja, kwa sababu kuna tarehe ya siasa inakuja, mkumbushe Phoenix.

22/ Swali la tatu: wakati wa kuchagua, muuzaji alijaribiwa kwa watu wa aina gani? Wapelekeeni kesi ishirini ngumu: anayekaimu, wa zamu ya usiku, mwenye amri ya korti, aliyehamishwa katikati ya mwezi. Waambieni wazikokotoe mbele ya makarani, si mbele ya mabosi peke yao. Asiyeweza, arudi na biskuti zake.

23/ Swali la nne: data ni ya nani? Kandarasi ikiisha au mkigombana na muuzaji, mtatoka na rekodi zenu zote, kwa namna inayosomeka na mfumo mwingine, bila kulipa fidia? Na alama za vidole za wafanyakazi zinakaa wapi? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka miongoni mwa data nyeti. Kidole si nywila. Nywila ikiibwa unabadilisha.

24/ Swali la tano, na kwangu ndilo kubwa: atakayetajwa hewa atasikilizwa wapi, ndani ya siku ngapi, na mshahara wake utakuwa wapi wakati huo? Mgombea akiwa na jibu la hili, ujue amekaa na watu wa mishahara. Akianza kurudia neno "kidijitali" mara tatu, ujue hajakaa nao.

25/ Na msingoje uchaguzi. Mfumo ukishanunuliwa, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu wewe, mwananchi wa kawaida, kuandika barua na kuuliza umegharimu ngapi, leseni inalipwa ngapi kila mwaka, na ni wafanyakazi wangapi bado wanalipwa nje yake. Hilo la mwisho ndilo kipimo changu. Kaunti inaweza kununua mfumo wa bei ghali kuliko wote, lakini kama ile orodha ya Excel bado inatembea pembeni, shemeji amehamia huko.

26/ Namalizia. Yule mzee amestaafu sasa. Siku yake ya mwisho alipita ofisini kuaga, akaniuliza kama jina lake limetoka sawasawa kwenye orodha, asije akaitwa hewa mara ya pili. Alikuwa anatania, lakini mimi sikucheka. Niliita faili, tukaangalia pamoja namba kwa namba, tarakimu kwa tarakimu. Ilichukua kama dakika nne.

Mwisho wa uzi. Hifadhi, na siku mdahalo ukija kwenu, chagua swali moja ulipeleke. Kama unafanya kazi ya mishahara na kuna mahali nimekosea, nirekebishe hapa chini. Nitaweka marekebisho juu kabisa ili kila mtu ayaone.